Funguo Tatu za Chumba Kimoja

Sogeeni karibu. Mwenye karanga za kubangua aendelee kubangua, maana leo nahitaji masikio yenu tu, mikono ifanye kazi zake. Ila msisinzie. Mwishoni nitawauliza swali, na jibu lake sinalo.

Palikuwa na mama mmoja huko Rungwe, kwenye vilima ambako mvua haina msimu, hunyesha inapojisikia. Jina lake lilikuwa Atuganile, lakini majirani walimwita Mama Ambokile, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mume wake alianguka kutoka kwenye mparachichi miaka ya nyuma, mguu ukaunga vibaya, na tangu hapo kazi nzito zilimpita. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, kuta za udongo, bati zenye kutu. Watoto walikuwa watatu, wote watu wazima, na wote kwa sababu moja au nyingine walikuwa wamerudi kulala nyumbani.

Wa kwanza, Ambokile, alijaliwa kuujua udongo. Aliufinya kiganjani, akaunusa, akakwambia huu utatoa tofali na huu utapasuka.

Wa pili, Sekela, alijaliwa kuijua mvua. Jua linawaka, watu wanaanika mahindi, yeye anainua pua kama mbuzi na kusema, "Inakuja." Na inakuja.

Wa tatu, Ipyana, alijaliwa jicho. Alisimama mbali na ukuta, akafumba jicho moja, akakuonyesha ulipopinda. Mafundi walibisha, wakaleta pima maji, wakapima, wakanyamaza.

Basi hao watatu walilala vipi? Ambokile alilala sebuleni kwenye kochi, miguu inaning'inia. Sekela alikuwa amerudi kutoka kwa mume na mtoto mgongoni, akalala kitanda kimoja na mama yake, na baba akahamia chumba cha pili pamoja na magunia ya mahindi. Ipyana alilala jikoni, kibanda cha nje, na kifua chake hakikupatana na moshi. Alfajiri mama aliamshwa na kukohoa kwake kabla jogoo hajawika.

Atuganile akachoka. Akasema, "Tutaongeza chumba kimoja ubavuni mwa nyumba. Fundi hatuna, tutajenga wenyewe."

"Cha nani?" mumewe akauliza.

"Kwanza kisimame."

Hilo halikuwa jibu, na yeye alijua.

Kazi ilianza kwa Ambokile. Alikataa udongo wa bondeni ambao kila mtu kijijini huutumia, akapanda juu kwenye kichuguu cha zamani, akachimba huko. Akaukanyaga kwa miguu tangu asubuhi mpaka magoti yakavimba, akafyatua matofali na kuyapanga uani. Siku moja rafiki yake akampigia simu: kuna nafasi ya utingo kwenye lori la ndizi, aje mara moja. Ambokile akatupa kibao cha kufyatulia, akaenda kunawa.

Mama yake alimfuata na kikombe cha chai. "Unaenda wapi?"

"Kutafuta maisha. Hapa nakanyaga matope tu kama ng'ombe."

"Kwa kina mchumba wako wamesemaje?"

"Wamesema hawatoi binti yao kwa mtu anayelala kwenye kochi."

"Basi maliza matofali. Kikiisha, chumba ni chako," mama akasema. "Ila usiwaambie wenzako, watalegea."

Ambokile akanywa chai yote, akarudi kwenye matope. Bila yeye, pasingekuwa na tofali hata moja.

Kazi ikaenda kwa Sekela. Matofali mabichi yalikuwa yamejaa uani, yanasubiri kukauka, na siku hiyo palikuwa na harusi kwa jirani. Wote wamevaa, mbingu nyeupe kabisa. Sekela akasimama mlangoni akainua pua. "Mimi siendi. Inakuja."

"Dada, sema hupendi kuonana na mawifi zako," Ambokile akamtania. Wakamwacha.

Alivua gauni alilovalia harusi, akakata majani ya migomba, akayafunika matofali safu kwa safu, mtoto mgongoni analia. Yalipoisha majani akaleta turubai la baba, kisha mkeka, kisha blanketi la kitandani. Mvua ikashuka hata pilau haijapakuliwa. Waliporudi mbio walikuta matofali makavu na Sekela anatiririka maji. Na lilipopangwa tanuri, yeye ndiye aliyeukeshea moto, kwa kuwa alijua saa ya kuziba midomo yake kabla ya manyunyu. Matofali yakatoka mekundu, yanalia kama kengele ukiyagonga.

Baada ya tanuri akafunga mzigo wake. Shangazi yake wa Mbeya alikuwa amempatia nafasi kwenye banda la cherehani. Mama yake alimkuta anakunja nguo za mtoto, na bado palikuwa na maji ya kuteka na udongo wa kuchanganya kwa ajili ya kuta.

"Cherehani unayo yako," mama akasema.

"Ninayo, iko chini ya kitanda chako. Nikiitoa tutalala wapi?"

"Kaa umalizie. Kikiisha, chumba ni chako. Ila usiwaambie wenzako, watalegea."

Yalikuwa maneno yaleyale. Hata kuyabadilisha hakuyabadilisha. Atuganile alijisikia akiyasema, kama mtu anayejisikia akikoroma, na hakuacha. Sekela akakunjua nguo za mtoto. Bila yeye, matofali yote yangerudi kuwa tope.

Kazi ikafika kwa Ipyana. Aliacha kibarua alichokuwa akienda kila siku kwa fundi wa mjini, akabaki nyumbani kunyanyua kuta. Kaka yake alikuwa tayari amepanga mistari kadhaa, akaishikiza kwenye ukuta wa nyumba ya zamani. Ipyana akasimama karibu na zizi la nguruwe, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu.

"Unapiga picha?" Ambokile akauliza.

"Bomoa hiyo, kaka."

"Nibomoe nini, imenyooka."

"Ya kwako imenyooka. Ukuta wa zamani umetoka tumbo, na wewe unaupakia mzigo. Ukifika juu, ukuta utamwangukia baba kitandani."

Walibishana mpaka baba akachechemea nje na kuuegemeza uso wake ukutani ili atazame. Aliporudi kukaa alisema tu, "Bomoeni." Wakabomoa. Ipyana akaweka magogo ya mkaratusi kuushikilia ukuta wa zamani, akajenga nguzo ya pembeni, kisha ndipo akaanza upya. Kifua kikamwandama kwa vumbi la mchana na moshi wa usiku. Ukuta ulipofika madirishani, akabeba begi, akasema anahamia mjini kwa yule fundi, angalau kule atalala mahali pasipo jiko.

Mmeshajua mama alisema nini. Alisema, "Kikiisha, chumba ni chako, mwanangu."

"Na wenzangu?"

"Usiwaambie, watalegea."

Ipyana akamtazama mama yake kwa lile jicho lake, na Atuganile akainama kuokota kuni ambazo hakuwa na haja nazo. Lakini ni mama yake. Akaamini, akabaki. Bila yeye, pengine pangekuwa na kaburi mahali pa chumba.

Sasa sikilizeni jinsi kilivyomalizwa. Ambokile alimwambia mdogo wake, "Mlango uongeze upana."

"Wa nini?"

"Kitanda cha sita kwa sita kipite."

"Kitanda cha nani?"

"Cha mwenye chumba," Ambokile akasema, akacheka. Ipyana naye akacheka, akauongeza, akidhani kaka yake anamtakia mema.

Sekela akaomba dirisha kubwa upande wa mashariki, mtu akishona asipate shida ya kutunga uzi. Ndugu zake wakaliweka, wakasema dada ana akili, mwanga ni mzuri. Ipyana akaacha matundu ya hewa juu ya ukuta pande zote, zaidi ya kawaida, na wenzake wakapitisha matofali bila kuuliza. Kila mmoja alikuwa anajenga chake, na kila mmoja aliona ajabu jinsi wenzake walivyo wema.

Atuganile aliyaona yote. Aliuona mlango, akajua ni wa nani. Akaliona dirisha, akajua. Akayaona matundu, akajua. Angeweza kusema siku ileile. Badala yake aliwapakulia ugali, na yeye akala wima karibu na sufuria, kwa sababu kukaa nao mkekani wakitaniana kulimshinda. Wakisifu chumba, anakumbuka nguruwe hawajala. Nguruwe wale walinenepa mwaka ule.

Bati zikapigwa misumari, mlango ukapachikwa. Mama akaenda gulioni kununua kufuli. Kufuli ikaja na funguo tatu kwenye waya mmoja, kama zinavyokuja kufuli zote, na njiani alizitazama funguo zile akaona kama muuzaji naye amemjua.

Alipofika nyumbani aliwakuta watoto wake mbele ya mlango mpya. Ambokile ameleta mbao za kitanda begani. Sekela ameikokota cherehani mpaka kizingitini. Ipyana amebeba godoro lake lenye harufu ya moshi. Walikuwa wanatazamana mizigo.

Wakamgeukia.

"Mama," Ambokile akasema, "waambie."

"Awaambie nini?" Sekela akauliza. "Mimi ndiye nilikuwa nasubiri akuambie wewe."

Ipyana aliweka godoro chini.

Atuganile akasema ukweli pale pale, amesimama, kikapu hajakitua. Aliusema kwa sentensi chache kama mtu anayetapika.

Ambokile akasema, "Mimi niliahidiwa kwanza. Neno la kwanza ndilo neno. Mengine uliyatoa kwa kitu ambacho tayari kilikuwa changu. Na mwezi huu nisipokuwa na chumba, binti wa watu anaolewa kwingine."

Sekela akasema, "Uliahidiwa matope, kaka. Matope yako yangeyeyuka siku mko harusini mnanicheka. Na wewe ukikosa chumba unarudi kwenye kochi peke yako. Mimi nina mtoto, na cherehani ikikaa chini ya kitanda hatuli."

Ipyana akasema, "Mlikuwa mnamjengea baba ukuta wa kumwua. Mimi siombi mahali pa mke wala pa kazi. Naomba mahali pa kupumua."

"Baba, sema wewe," Sekela akamwambia baba yake aliyekaa kibarazani.

"Mimi nilikuwa na swali moja tu," mzee akajibu, "na niliuliza mwanzoni."

Sekela akamwuliza mama yake, sauti ya chini, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi: "Ulijua tangu lini kwamba utatudanganya?"

"Wa kwanza sikumdanganya," Atuganile akasema. "Nilipomwahidi wa pili ndipo nilipojua."

"Na wa tatu?" Ipyana akauliza.

"Wa tatu nilikuwa nimezoea."

Ipyana akatikisa kichwa taratibu. "Ungetuambia ukweli, Mama, tungejenga?"

Atuganile aliwatazama wote watatu. Alimkumbuka mmoja amenawa miguu, mwingine anakunja nguo za mtoto, mwingine amebeba begi.

"Hapana," akasema. "Msingejenga."

Hapo mvua ikaanza, na safari hii hata Sekela hakuwa ameinusa. Wakaingia wote nyumba ya zamani, na mbao, na cherehani, na godoro. Bati kuukuu zikavuja, sufuria zikatandazwa sakafuni. Ubavuni, chumba kipya kilisimama kikavu, mlango mpana, dirisha kubwa, matundu mengi, na ndani hakuna mtu. Atuganile alikaa karibu na mlango, funguo tatu zimefungwa kwenye pindo la khanga, akilisikia jicho la kila mtoto mgongoni mwake. Ipyana alikohoa. Mtoto wa Sekela akalia. Simu ya Ambokile ikaita, na Ambokile hakuipokea.

Akajua kwamba mvua ikikatika lazima afungue pindo lile. Mmoja atapata chumba. Wawili watabaki na neno lake tu, na neno lake wameshaliona lilivyo.

Basi wewe unayebangua karanga, nawe uliyeko huko nyuma unayejifanya umelala. Mmoja alileta matofali, mmoja akayaokoa, mmoja akayasimamisha. Na mama ndiye aliyewashika wote watatu kwa uongo mmoja. Mvua inakatika. Khanga ya Atuganile ungekuwa umeivaa wewe, ungemkabidhi nani ufunguo, na wale wawili ungewaangaliaje kesho asubuhi?