Kinyozi na Taa Nyekundu

Wapendwa, mfano huu nimeusimulia katika makanisa saba, na sita kati ya hayo yalinialika tena. Kaeni vizuri.

Kulikuwa na kinyozi mmoja kule Rungwe, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu nina mashemeji huko. Mkono wa kulia ulinyoa, wa kushoto uliandika blogu. Nani kafiwa, nani kajifungua, ng'ombe wa nani kaingia kwenye shamba la chai la nani, yote yalikuwa humo, na watoto wa kijiji waliotawanyika mpaka Ulaya waliyasoma kabla jirani wa ukuta kwa ukuta hajayasikia. Kwa hiyo alitembea kifua mbele. Nawe ungetembea hivyo hivyo.

Basi wazee wawili pale kijijini walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Binti yao Tupokigwe, muuguzi huko Norwei, alinyimwa likizo. Alilia siku mbili, ya tatu akanunua kamera ya video, ndogo, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni ya kuogea, akamkabidhi mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Kisha akampigia kinyozi simu.

"Kaka, huko sina macho mengine ila yako. Nataka nimwone baba na mama siku yao. Usiniangushe."

"Dada, we lala usingizi. Utaona mpaka jasho la mchungaji."

Kamera ilifika Ijumaa, sherehe ni Jumamosi. Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha maelezo. Kinyozi akakitumia kukung'utia nywele kwenye kiti. Mkewe akamwona anabonyeza kitufe, taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Baba Gwakisa, jaribu kwanza uone kama inashika."

"Mke wangu, nyekundu barabarani ni nini? Ni simama. Ikiwaka, kamera imesimama. Ikizimika, inakula picha. Hilo nalo la kusomea kitabu?"

Mnacheka. Vijitabu vya simu zenu mlivisoma?

Jumamosi akaivaa shingoni kwa kamba, taa ikiwaka. Wazee walipoingia kanisani akabonyeza, taa ikazimika, naye akanong'ona, "Kula, mwanangu." Mzee akasoma hotuba aliyoandikiwa na mwalimu mkuu, yenye "ua la moyo wangu" mara nne. Kinyozi hakupepesa jicho. Pete, kwaya, keki, mwenyekiti wa kamati na sala yake ndefu kama kiangazi: kila jambo kubwa lilipoanza alihakikisha taa imezimika. Lilipokwisha alibonyeza tena, taa ikawaka, akaiacha kamera ining'inie tumboni, akaenda kutafuta nyama.

Jumapili baada ya ibada akawaita watu kibandani kwake waonje kabla hajaiweka kwenye blogu. Akaiunganisha kamera na televisheni. Mama mzee akakalishwa kwenye kiti cha kunyolea kama malkia, mzee kwenye benchi, wengine wakajaa mpaka mlangoni.

Picha ya kwanza: viatu. Ya pili: majani. Ya tatu: mguu wa meza, na sauti ya kinyozi ikiuliza kama maini yamebaki.

"Hotuba yangu iko wapi?" mzee akauliza.

Kinyozi akapeleka mbele. Hotuba hakuna. Pete hakuna. Kwaya hakuna. Akapeleka mbele zaidi, na hata keki, iliyokuwa na ghorofa tatu, hakuna. Akamfikiria yule binti amekaa huko kwenye baridi, ameacha simu karibu na mto, anangoja. Miaka hamsini hairudiwi Jumamosi ijayo. Akanyoosha mkono azime.

"Acha," akasema mama mzee.

Kwenye televisheni ikaonekana nyuma ya kanisa, chini ya turubai. Mzee tai imelegea, anabishana na jirani juu ya mvua za mwaka jana. Na huku akibishana, vidole vyake, bila yeye kuvitazama, vinachambua nyama, kipande kidogo, kipande kidogo, na kuviweka kwenye sahani ya mkewe, ambaye meno ya nyuma hana.

"Vua hivyo viatu," mkewe anamwambia. "Vinakubana tangu asubuhi."

"Watu wapo."

"Watu wanakula. Leta mguu."

Akamvua, kimoja, kingine, akavisukuma chini ya meza. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mzee akajifunika uso kwa kofia, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Kinyozi akaanza kupumua. Akajiona kama mtu aliyefanya makusudi. Ndipo kwenye televisheni ikasikika sauti ya kike, ya utu uzima, na mikono miwili yenye masizi ikapita mbele ya kamera.

"Mwanangu, nami nipige kidogo. Tupokigwe nilimbeba mgongoni. Apate kuniona."

Na sauti ya kinyozi, wazi kabisa: "Bibi, betri imekwisha."

"Haya, baba. Siku nyingine basi."

Kisha sauti ile ile ya kinyozi ikimwambia mtu mwingine: "Nipige masizi ya nini? Hii ni kumbukumbu ya heshima."

Yule bibi, anayeosha masufuria katika kila sherehe ya kijiji kile, alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya wote.

"Kumbe betri ilikuwepo," akasema.

Sasa ninyi niambieni, kinyozi afanye nini? Angeweza kukikata kipande kile. Kukata ndiyo kazi yake. Lakini mama mzee alikuwa ameshainuka kwenye kiti, na kiti kilikuwa kinamtazama yeye. Kinyozi akaenda mlangoni, akamshika bibi mkono, akamkalisha. Akabonyeza mpaka nyekundu ikawaka.

"Bibi, nilikudanganya. Sema na mjukuu wako."

Bibi akafikiri. "Tupoki, masufuria tumeshaosha. Kula vizuri huko." Akaangalia kamera mpaka akachoka.

Vyote vikaingia kwenye blogu, pamoja na ule uongo. Jioni simu ikalia.

"Kaka, hotuba ningeweza hata kuiandika mwenyewe. Lakini nimemwona baba anachambua nyama. Nimeirudia mara tisa. Na bibi naye nimemwona."

"Na ile ya betri?"

"Nimeiona pia," binti akasema, akicheka na machozi.

Haya, sisi. Tukisimama hapa mbele na suti zetu na sala zetu ndefu, nani alituambia kwamba ndipo Bwana anapobonyeza? Huenda hapo anapumzika tu, anangoja tumalize, aanze kazi tukishafika kwenye masufuria. Wala sisemi hivi ili tutetemeke. Yule mzee naye alinaswa, na kilichonaswa kwake kilikuwa kizuri kuliko hotuba ya mwalimu mkuu. Wangapi kati yetu wana jema wanalolifanya bila kulitazama? Na wangapi tuna "betri imekwisha" kinywani, tayari, kwa mtu ambaye hatumwoni kuwa mtu?

Baada ya ibada kuna chai. Vikombe ni mia na ishirini, na Jumapili iliyopita waliviosha wale wale watatu. Tuanzie hapo. Amina.