Jina Lililoahidiwa Kwenye Ukungu

Haya, sogeeni. Hadithi yangu ya leo ina baridi, kwa hiyo mwenye shuka ajifunike, na asiye nalo ajibanze kwa jirani. Sikilizeni vizuri, maana mwisho wake nitawaachia nyinyi.

Walikuwapo wanawake watatu katika mji mmoja wa Arabuni, uliobanwa kati ya jangwa na bahari, ambako kiangazi maji ya bomba la baridi hutoka yamechemka. Wazee wao walitoka Unguja na Kiswahili chao, na Kiswahili hicho ndicho walichotupiana kwenye kiwanja cha barafu. Ndiyo, barafu. Mji ule ulikuwa na uwezo wa kujenga jumba kubwa, kulijaza baridi na kugandisha maji sakafuni, ili watu wazima wenye akili zao wavae viatu vyenye vyuma na kugombania kisahani cheusi cha mpira kwa magongo. Mchezo huo ni hoki. Watoto walicheza alasiri, wakubwa wakawafuatia.

Wa kwanza, Thureya, alikuwa kipa, na kipaji chake kilikuwa masikio. Kisahani alikisikia kabla hajakiona. Ila vile vigodoro alivyofungiwa miguuni vilimfanya atembee kama kabati linalohamishwa.

Wa pili, Shemsa, daktari wa meno, alikuwa na miguu. Akishaondoka, ameondoka. Breki tu ndiyo hakuwahi kujifunza. Alisimama kwa kugonga mbao za pembeni, na kila akigonga aliapa kwamba alikusudia.

Wa tatu alikuwa Raya, mwalimu wa hesabu, mrefu kama mlingoti. Kipaji chake watu walikicheka: alikuwa hasogei. Ukimgonga, unaanguka wewe. Hakuwahi kufunga bao, na mashabiki wa timu, yaani mume wa Thureya na jirani yake mmoja, hawakuwahi kulitaja jina lake.

Yuko na wa nne, na hadithi hasa ni yake, ingawa kwenye barafu hakuwa na kipaji chochote. Huyu ni Azza, mwenye mimba pevu, mama wa Yaarub, mtoto wa miaka saba aliyecheza kwenye timu ya wadogo. Mwanawe akicheza, Azza alikaa jukwaani akitetemeka, mikono ameificha kwapani.

Siku hiyo baridi ilimshinda. Nyuma ya jukwaa palikuwa na mlango wa dharura, umebandikwa onyo kwa lugha tatu kwamba usiachwe wazi. Azza, mwenye shahada ya chuo kikuu, alizisoma zote tatu. Kisha akaufungua, akauzuia kwa begi la Yaarub. Joto likaingia. Mama wengine wakanyoosha miguu.

"Mungu akupe mapacha, Azza," akasema mmoja.

"Dua hiyo kaa nayo mwenyewe," Azza akamjibu. "Huyu mmoja ananitosha."

Hakuna aliyefikiria kwamba hewa ile, iliyolowa mvuke wa bahari, ingegeuka kitu kingine ikikutana na barafu.

Kule chini watoto walikuwa wamemaliza. Yaarub alikuja mpaka kwenye mbao za pembeni, akapanua mdomo kuonyesha pengo.

"Mama, jino langu limetoka!"

"Liko wapi?"

"Limeanguka kule katikati."

"Basi liache, baba."

"Sasa nitarusha nini juu ya paa?"

"Tutarusha kokoto. Paa halitajua."

Yaarub akacheka, na pumzi ikapita kwenye pengo ikilia kama filimbi. Azza akamgeukia jirani yake kumaliza maneno aliyokuwa ameyaanza, maneno ambayo baadaye hakuweza hata kuyakumbuka.

Upande wa pili mashine ya kulainisha barafu ikaingia, kubwa kama lori. Dereva wake, Bwana Dilawar, alikaa juu kabisa, masikio ameyaziba kujikinga na kelele, akizunguka kwa mazoea.

Azza alipogeuza uso, kiwanja hakikuwapo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka kwenye barafu, mzito kama maziwa, kiasi cha kifua cha mtu mzima. Juu yake taa ya mashine ilikuwa inasafiri polepole, na Bwana Dilawar ameketi nyuma ya taa hiyo kama mtu aliyepanda wingu. Ukungu wa kiangazi aliuzoea. Hakujua kwamba humo ndani kuna mtoto anatambaa kwa magoti, akitafuta jino jeupe juu ya barafu nyeupe.

"Yaarub!" Azza akaita.

Akashuka ngazi ameshika tumbo, akafika kwenye mbao, akaita tena, na mama wengine wakaita naye, wakampigia dereva kelele, wakapunga mitandio. Bwana Dilawar hakusikia, wala hakugeuza kichwa.

Hapo ndipo Azza alipokumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtoto yule, madukani, sokoni, kila mahali penye watu: ukipotea, kaa hapo hapo ulipo, usisogee, mama atakuja. Yaarub alikuwa mtiifu siku moja kwa wiki, na Azza alijua kwa uhakika wa kutisha kwamba siku yenyewe ndiyo hii. Alikuwa ameketi mahali fulani ndani ya weupe ule, anasikia mngurumo unakuja, na hasogei.

Azza akapiga ukelele ambao hakujua kama anao.

"Yeyote atakayenirudishia mwanangu, huyu wa tumboni atachukua jina lake! Nimeweka nadhiri, Mungu ni shahidi!"

Wote walisikia. Wale watatu pia, kwani walikuwa mlangoni pa kiwanja wakingoja zamu yao.

"Nyamazeni!" Thureya akanguruma. "Nyamazeni nyote!"

Wakanyamaza. Thureya akafumba macho. Ndani ya mngurumo wa mashine akatafuta kitu kidogo zaidi, akakipata: pumzi ya mtoto anayelia kwa kujizuia, ikipita kwenye pengo, fii, fii. Akanyoosha gongo kuelekea kwenye weupe mtupu. "Pale. Katikati, kulia kidogo. Mashine inamwendea." Kwenda yeye hakuweza. Kwa vigodoro vile angefika kesho.

Kabla neno la mwisho halijatua, Shemsa alikuwa ameshaondoka. Alifuata ncha ya lile gongo kama aliyevutwa na kamba, ameinama mpaka ukungu ukammeza, mkono mmoja ukifagia chini. Vidole vikagusa ukosi, akaunyakua. Kisha, bila shaka, hakuweza kusimama. Angekuwa na breki angesimama pale pale, mbele ya mashine. Alipita moja kwa moja hadi upande wa pili, akageuka ili mgongo wake ndio ugonge, ukagonga, na mfupa wa bega ukalia kwa sauti iliyofika jukwaani. Wakabaki chini ya mbao, yeye na mtoto, hawawezi kuinuka, na taa bado inawajia.

Raya hakumfuata mtoto, aliifuata taa. Akaenda mpaka mbele ya mashine, akasimama, akainua mikono. Bwana Dilawar aliona kichwa na mikono miwili vimechipuka juu ya wingu, akapiga yowe kwa lugha ya kwao na kukanyaga breki. Lakini kwenye barafu lori halisimami kwa kukanyagwa. Likamfikia, likamsukuma kinyumenyume, vyuma vya viatu vyake vikikwaruza barafu kwa mlio ambao Azza anausikia mpaka leo akifua, akipika, akiswali. Lilipita pale Yaarub alipokuwa ameketi. Glavu yake ilikutwa hapo baadaye, imekuwa bapa. Liliposimama, visigino vya Raya vilikuwa vinagusa goti la Shemsa.

Ndani ya ukungu ikatoka sauti ndogo yenye filimbi.

"Mama, mimi sikusogea."

Azza alizaa mtoto wa kike. Alipoambiwa hivyo hakufurahi kwanza, aliogopa kwanza. Maana jina la mwanamke lingemfaa, na nadhiri ni deni, na kila mtoto alipokohoa, Azza alisikia vile vyuma vikikwaruza.

"Tumpe majina yote matatu," akasema mumewe, Talib.

"Huyo ni mtoto au ofisi ya mawakili?" akauliza mama mkwe, Bi. Zeyana.

"Basi tupige kura."

"Wao hawakupiga kura nani aingie," Azza akasema.

"Ustadhi anasema nadhiri ina kafara yake. Unaweza kufunga siku kadhaa, yakaisha."

"Sikuahidi kufunga, Talib. Niliahidi jina. Na mlango niliufungua mimi."

Siku ya saba wale watatu walialikwa. Walipakuliwa wali, wakasifu wali. Mtoto alinyolewa nywele, wakasifu kichwa. Kisha wakaanza.

"Mpeni la Shemsa jamani, kaumia," akasema Raya.

"Mimi? Hata! La Thureya zuri zaidi."

"Wacha weee, mimi nilipiga kelele tu. La Raya."

Walikataa kama mtu anavyoikataa sambusa ya mwisho, macho yakiwa kwenye sahani. Raya ndiye aliyechoka.

"Tuache unafiki," akasema. "Mimi nalitaka. Nisingesimama pale, leo mngekuwa na matanga mawili, ya mtoto na ya Shemsa."

Shemsa, mkono bado umefungwa shingoni, akaweka kikombe chini.

"Ungesimamisha mashine juu ya nani, shoga? Iliteleza ikapita alipokuwa ameketi. Uliisimamisha baada ya mimi kumtoa. Azza alisema atakayemrudisha. Aliyembeba ni nani?"

"Na aliyekwambia umbebe wapi?" Thureya akauliza taratibu. "Ungefagia barafu yote kwa mkono. Mimi ndiye niliyemwona, na macho nimeyafumba. Nyinyi mliufuata ulimi wangu."

"Mimi niliifuata taa," akasema Raya.

"Taa ilikuwa inakwenda wapi, ulijua?"

Wote watatu wakamgeukia Azza, na hakuna aliyetabasamu tena. Azza alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba kila mmoja amesema kweli tupu. Akaona pia kwamba akimpa mmoja, atakuwa amewaambia wawili kwamba mwanawe angepona bila wao.

Bi. Zeyana akamwekea mtoto mikononi. Yaarub akapenya katikati ya magoti ya watu, pengo lake likiwa limeanza kuota jino jipya.

"Mama, mdogo wangu anaitwa nani?"

Azza akainama. Midomo yake ikagusa sikio la mtoto, dogo kama kipande cha ganda la korosho. Akavuta pumzi.

Na mimi nimefika mwisho wa yangu. Sasa mtoto yuko mikononi mwako, wewe unayesikiliza. Ungelitia jina gani katika sikio lile? Na ukishalitia, ukainua kichwa, hao wawili wengine ungewatazama vipi?