Bahasha ya Bi Mwanjaa

Usimlaani mama mkwe kwa sehemu ya tatu.

Bibi Tunu aliwatupia wajukuu zake usemi huo walipokuwa wakimtukana mwanamke wa kwenye tamthilia ya Kikorea mpaka chai ikawapoa. Mmoja alikuwa amekwisha kuapa kwamba akimkuta yule mama sokoni Korogwe atamvua wigi. Walipoyasikia maneno ya bibi yao walicheka, kisha wakataka kujua yametoka wapi, maana hayakufanana na methali za shuleni. Bibi Tunu amewafunda mabiharusi wa nusu ya mji na hana haraka na hadithi yoyote. Akapunguza sauti ya televisheni. Akawaambia kwamba usemi huo ulizaliwa hapo hapo Korogwe, na mambo yalikuwa hivi.

Palikuwa na msusi aitwaye Zaituni katika saluni ya Mama Chausiku. Wakati huo tamthilia za Kikorea zilikuja kwa siidii, zikiwa zimetafsiriwa na mwanamume mmoja tu, aliyesema maneno ya watu wote: kijana, binti, bibi kizee, hata kitoto kichanga kikilia. Wala hakuishia kutafsiri. Akiona mtu mbaya anaingia, aliwatahadharisha watazamaji mapema: "Mwoneni huyo, ana roho ya kutu." Watu walimwamini yeye kuliko picha yenyewe.

Majina ya Kikorea hayakukaa vichwani mwa wanawake wa saluni, kwa hiyo waliwapa watu majina yao. Steringi, yule kijana shujaa wa tamthilia, alikuwa Uyoga, kwa sababu ya nywele zake. Mpenzi wake, binti yatima aliyeuza samaki, walimwita Mwali. Mama yake Uyoga, tajiri asiyejua kucheka, akawa Mama Bahasha. Jina hilo alilipata katika sehemu ya tatu, alipomwita Mwali hotelini, akamsogezea bahasha mezani na kusema, "Chukua hii. Najua unampenda mwanangu." Mwali alipoikataa bila hata kuifungua, yule mama alimmwagia maji usoni. Siidii ikaishia hapo. Iliyofuata ilikuwa imeazimwa na jirani mmoja ambaye kurudisha vitu hakukuwa katika mila zake.

Saluni iliwaka moto. Mteja mmoja alithubutu kusema kwamba huenda mama yule ana sababu zake, akaambiwa akamalizie nywele kwingine, naye akatoka upande mmoja umesukwa na upande mmoja umefumuka. Mama Chausiku alisimama katikati ya saluni na kitana mkononi.

"Mimi ningemwahi," alisema. "Kabla hajagusa glasi yake, yangu imeshamfika."

Wote walimuunga mkono isipokuwa Zaituni, ambaye aliendelea kusuka kimya. Yeye naye alikuwa yatima, amelelewa na shangazi yake, na alikuwa amechumbiwa na Athumani, fundi wa mafriji. Alimpenda kijana yule kwa moyo wote. Lakini Bi Mwanjaa, mama yake Athumani, alikuwa mwanamke mkimya mwenye uso mgumu, na tangu siku ya posa hakuwahi kumpa Zaituni neno zaidi ya "Marahaba." Kila usiku binti wa watu alilala akijiuliza kama anatakiwa katika nyumba ile au anavumiliwa tu.

Basi siku chache baadaye, asubuhi, ukaja ujumbe: Bi Mwanjaa yuko kwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, anamwita Zaituni. Akafungua aproni. Wanawake walitazamana, kisha wote wakajipanga mlangoni, hata waliokuwa na dawa kichwani.

Bi Mwanjaa alikuwa amekaa wima kama aliyekuja kutoa ushahidi. Aliitikia salamu, akamwagizia mgeni wake chai na maji ya kunywa. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa bahasha, akaisogeza taratibu juu ya meza.

"Chukua hii," alisema. "Najua unampenda mwanangu."

Zaituni alihisi damu yote imempanda kichwani. Aliuona uso ule usiocheka, akaiona bahasha, akasikia sauti ya Mama Chausiku masikioni. Mkono ukatangulia akili. Kikombe cha maji kikamwagika chote usoni mwa Bi Mwanjaa.

Ng'ambo ya barabara saluni nzima ikapiga makofi.

Bi Mwanjaa alijifuta kwa ncha ya mtandio, akalipa chai ambayo haikunywewa, akaondoka. Zaituni alibaki na bahasha iliyolowa, na kwa kuwa ilikwisha kuanza kuchanika yenyewe, akaimalizia. Ndani, katika kipande cha pamba, zilikuwamo herini za dhahabu, za kizamani, zile ambazo Athumani aliwahi kumwambia kuwa mama yake alivalishwa na mama mkwe wake siku ya harusi.

Makofi yalikoma. Mama Chausiku alirudi ndani akajifanya anatafuta kitana ambacho alikuwa amekishika. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagwa hadharani. Mchana Athumani alikwisha kupata habari. Alikuja saluni na kusema jambo moja tu: "Akikusamehe mama, tutaoana. Asipokusamehe, Zaituni, mimi sitakuwa na la kufanya." Akaondoka bila kuaga.

Zaituni alilia mpaka machozi yakamkauka. Alasiri akaingia kwangu — alisema Bibi Tunu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kungwi wake — akaomba nimsindikize. Nilimwambia mwenye kumwaga ndiye mwenye kupangusa, aende mwenyewe. Alikwenda, herini zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga, na njia nzima aliomba Mungu asimkute yule mama nyumbani.

Alimkuta. Bi Mwanjaa alikuwa amekaa mkekani sebuleni. Zaituni alipiga magoti mlangoni pale pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekukosea. Sina cha kujitetea. Nimekuja kurudisha amana yako, na kukuomba radhi hata kama hutaki tena niitwe mkweo."

Bi Mwanjaa akauliza swali ambalo Zaituni hakulitarajia hata kidogo.

"Kule saluni, mmefika sehemu ya ngapi?"

"Ya tatu, mama."

"Ya tatu tu?"

"Ya tatu. Siidii nyingine haijarudishwa."

Bi Mwanjaa akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kumtikisika. Zaituni alidhani amemliza mama wa watu kwa mara ya pili. Mtandio ulipoteremka, aliona kwamba mwanamke yule mkimya alikuwa akicheka mpaka anakosa pumzi.

"Mwanangu, mimi nimeimaliza yote," alisema. "Binti yangu aliniletea kutoka Tanga. Yule mama ndiye mtu mwema kuliko wote mle. Ndani ya bahasha kulikuwa na hati ya nyumba ya marehemu baba yake Mwali. Mumewe aliidhulumu, yeye akaiiba airudishe. Yale maji alimmwagia kwa sababu mumewe alikuwa meza ya nyuma akiwatazama. Mimi nililia siku nzima."

Zaituni alilishika pindo la kanga lenye herini.

"Athumani aliniambia na nyinyi mnaitazama, nikadhani mmeshamaliza," Bi Mwanjaa aliendelea. "Mimi sijui kusema maneno matamu, sikuzaliwa nayo. Nikaona nikikupa kwa bahasha, na maneno yale yale, utaelewa kuwa nakupenda. Nimejizuia kucheka pale mezani mpaka mbavu zikaniuma. Kumbe najipeleka kwenye mvua mwenyewe."

Akafungua lile pindo la kanga kwa mkono wake, akamvalisha Zaituni herini moja, kisha ya pili. Halafu akawasha televisheni wakaanza sehemu ya nne, na Athumani aliporudi kutoka kazini aliwakuta wote wawili wanalia na hakuna aliyekumbuka kupika.

Harusi ilifana. Siku hiyo Bi Mwanjaa alikaa mbele na uso wake ule ule mgumu, na mama mmoja aliyetoka Muheza akamwinamia biharusi sikioni.

"Pole, mwanangu," alimnong'oneza. "Mkwe huyu ninavyomwona, utateseka."

Zaituni alitabasamu, akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka walikokaa watu wa saluni, nao wakacheka hadi ngoma ikasimama:

"Mama, usimlaani mama mkwe kwa sehemu ya tatu."