Pale Mzamiaji Hakufika

Ndugu zangu, kulikuwa na mzamiaji mmoja katika bandari ya ziwani. Meli ikipandishwa nchi kavu ili ikaguliwe chini, hukaa wiki nyingi bila kazi. Kwa hiyo wakubwa wa pale walimtumia yeye: anavaa mtungi wa hewa, anashika tochi, anazama na kulikagua tumbo la meli ikiwa majini.

Siku moja aliteremka chini ya meli ya mizigo ambayo nahodha wake alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Alianza mbele, akipapasa bati kwa bati, akikwangua ukoga. Alipokaribia nyuma, kwenye pangaboi linaloisukuma meli, tope lilitibuka, asiuone hata mkono wake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akajiambia, "Meli hii naijua. Itakuwa na nini?" Akapanda juu.

Nahodha alikuwa akimngoja gatini. "Kaka, umefika mpaka nyuma?"

"Nimefika. Iko safi kabisa."

"Basi kesho tunaondoka."

Siku ya pili safarini, maji yaliingia kwa nyuma. Nahodha aliwateremsha mabaharia wake wote kwenye mashua ya kuokolea, mmoja mmoja. Yeye hakuwahi kushuka, akazama na meli.

Mzamiaji alikwenda msibani. Alitamani atukanwe. Lakini mjane alimshika mikono yote miwili, akasema, "Shemeji, asante. Mimi nilimzuia asisafiri, moyo wangu ulikuwa mzito. Akanicheka, akaniambia wewe umeikagua meli nzima kwa mikono yako. Aliondoka na amani."

Mwaweza kufikiri jinsi shukrani ile ilivyomchoma? Alijaribu kunyamaza, akashindwa.

"Shemeji, nyuma sikufika. Nilimdanganya."

 Yule mama akaiachia mikono yake, polepole, akasema, "Ungemwambia tu. Angesubiri."

Mzamiaji alitoka akapita katikati ya waombolezaji, na hakuna aliyejua kwa nini analia zaidi kuliko ndugu wa marehemu.

Wapendwa, kosa lake lilikuwa tope? Hapana. Maji yakichafuka, nani angemlaumu? Kilichomuua rafiki yake ni neno moja: "Nimefika." Na sisi tunalisema kila siku. Tunamwambia mgonjwa, "Nimekuombea," na hatujapiga goti. Mama anauliza, "Umezungumza na mdogo wako?" Tunajibu, "Nimezungumza, hana shida," kumbe tulimsalimia mlangoni tu. Tunaona aibu kusema hatukumaliza, na mwenzetu anayategemeza maisha yake juu ya jibu letu.

Yupo mtu leo ametulia kwa sababu wewe ulimwambia yote ni salama. Unamjua. Usingoje ibada iishe ndipo uanze kutafuta maneno mazuri. Mwambie ukweli angali anaweza kusubiri.