Karani Aliyefuta Vyote

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta isiyokuwa yake. Jina lake Tusajigwe, karani wa kituo cha maziwa cha ushirika huko milimani Rungwe. Kompyuta ilikuwa mali ya Ofisi Kuu, maana yake kila mkubwa aliweza kuitolea amri na hakuna mkubwa aliyelazimika kuitumia. Kazi yake ilikuwa moja tu: kusoma mzani na kutoa risiti, ili maziwa ya mkulima yaingie kwenye tangi. Kwa miaka mingi iliifanya kazi hiyo bila kelele, kwa mfumo wa zamani iliokuja nao.

Kisha Ofisi Kuu ikaagiza mfumo mpya. Ulikuwa mfumo mzuri, ila ulitengenezewa mashine changa, nao ukapandishwa juu ya mashine kongwe kama gunia la viazi juu ya mgongo wa mbuzi. Afisa aliyeuleta alileta pia waraka kuhusu usalama wa kompyuta, ndani ya flashi yenye kirusi. Tangu siku hiyo mashine ikawa mgonjwa. Asubuhi iliwasalimu watu, ikawaonya, ikajikagua, ikaomba radhi, ikajizima. Nje wanawake walisimama na madumu yao juani, na maziwa ya asubuhi hayana subira ya ofisi. Yakachacha kwenye foleni. Dereva wa gari la maziwa akayapima, akatikisa kichwa, akasema, "Kesho nikikuta hivi tena, mlima huu siupandi." Na mnunuzi mwingine hakuwapo.

Tusajigwe alikuwa ameitunza kabatini sidii ya mfumo wa zamani. Alilijua pia sharti lake: ili mfumo huo urudi, diski ya kompyuta ifutwe yote, isibaki kitu. Hesabu za wakulima hazikumtia hofu, kwa kuwa alizichapa kila jioni. Hofu ilikuwa ya wenye vitu vyao. Mwenyekiti, Mzee Gwakisa, alikuwa na picha zake humo, akikata utepe kwenye kila kitu kinachoweza kufungwa utepe. "Picha tu, binti yangu," alisihi. "Picha ina uzito gani?" Mhazini alikuwa na mchezo wake wa karata. Afisa alikuwa na waraka. Tusajigwe akawahurumia wote. Naye alikuwa na chake: wimbo mmoja wa kwaya, ameuimba yeye mbele, enzi sauti yake ilipokuwa nzima. Haukuwapo mahali pengine popote.

Basi siku ileile akavihamishia vitu vyote kwenye flashi, akafuta diski, akaweka mfumo wa zamani, kisha akavirudisha kimoja kimoja kwa heshima zake. Kila mtu akashukuru. Kabla ya alasiri mashine ikaanza tena kuomba radhi. Ugonjwa ulikuwa umelala ndani ya vitu vyenyewe.

Kulipokucha, madumu yakiwa yanapangwa nje, Tusajigwe akaiingiza sidii mara ya pili. Mashine ikauliza kwa maandishi: vyote vilivyomo vitafutika, una hakika? Kidole chake kikaganda juu ya kitufe. Akajua sasa kwamba kilichokizuia si picha za mwenyekiti, wala karata, wala waraka. Ni wimbo. Siku zote alikuwa akiwatetea wenzake ili chake kipite katikati ya umati bila kuonekana.

"Mama Karani!" ikaita sauti ya mwanamke dirishani. "Jua linapanda, nasi tumesimama kama vigingi!"

Akabonyeza. Kisha akaichukua flashi, nayo akaifuta.

Kioo kilipowaka tena kilikuwa kitupu: hakina picha, hakina salamu, hakina onyo. Dumu la kwanza likawekwa kwenye mzani, na kabla mwenye dumu hajamaliza kufunga kanga yake, risiti ikawa imetoka. Likafuata la pili, la tatu, na foleni ikayeyuka. Dereva akayapima maziwa, akayapima tena kwa kutoamini, akapiga mluzi. "Leo mmekamua ng'ombe wa wapi?" Vigelegele vikapasuka, na gari likateremka mlima tangi likiwa limejaa mpaka kwenye kifuniko.

Afisa alifika baadaye, akakuta kazi imekwisha na hakuna aliyemngoja, jambo lililomuudhi kuliko kupotea kwa waraka. Akasema mfumo wa zamani hautambuliki. Akauliza ni nani aliyetoa idhini ya kufuta.

Tusajigwe akasimama kwa adabu. "Mashine yenyewe iliniuliza kama nina hakika, Bwana Afisa. Tangu niajiriwe, hii ni mara ya kwanza swali hilo kuulizwa katika ofisi hii. Nikaona si vyema kulijibu uongo."

Kesho yake gari lilipanda mlima, na kesho kutwa, nalo halijaacha kupanda.

Basi ninyi mnaoomba mioyo yenu irudi kama ilivyotoka mkononi mwa Muumba, mbona kila mnapoulizwa kama mna hakika, mnaanza kwanza kutafuta flashi?