Sili Aliyelalia Boti

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Ioneni pwani ya kaskazini kabisa, ambako bahari huganda kama uji uliosahauliwa mezani. Majini ipo meli ndogo. Ufukoni lipo boti la mpira. Na ndani ya boti amelala sili, mnyama wa bahari ya barafu, mkubwa kama ng'ombe wawili, meno yake marefu kama ya tembo.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana redio ya upepo ilikwisha kuwapo, watu watatu wa meli ile walishuka kutembea kwenye kisiwa kisicho na jina. Waliporudi ufukoni, sili alikuwa ameshaingia botini.

Sheria ya meli ilikuwa kali: mnyama hasogelewi, hapigiwi kelele, halishwi. Anasubiriwa.

Nahodha akaita redioni: "Barafu inafunga! Mna saa moja, la sivyo tutakwama wote mpaka mwakani. Atakayemtoa huyo bila kuvunja sheria, atakipa kisiwa jina. Nitaliandika kwenye ramani."

Moyo wa Bi Mwanamvua, mpishi, ukaruka. Mama yake alikufa bila kuandikwa popote: si cheti, si daftari la shule, hata kaburini hapakuwa na kibao. Sasa, kwenye ramani!

Mwalimu Mkude, abiria aliyestaafu ualimu, akatoa kijitabu cha kanuni za safari. Akasimama mbali, akamsomea sili kwa sauti ya chini. Kanuni ya kwanza, ya pili, hadi ya thelathini na tisa. Sili akapiga miayo, akamgeuzia mgongo, kichwa kikaelekea majini.

"Umemchosha, Mwalimu," alisema Bi Mwanamvua. "Hata mimi umenichosha."

Yeye akafungua bakuli lake la chaza wa nazi. Akakaa mbali, ukingoni mwa maji upande wa kichwa cha sili, upepo ukitokea nyuma yake, akala. Alikula polepole, akipuliza kila kijiko. Sili akainua pua. Akatoa nusu ya mwili nje ya boti, akabaki hapo anafikiri.

Baharia Vuai hakufanya kitu. Alikuwa amelala nyuma ya jiwe tangu kanuni ya nne. Mkoromo wake ukavuma juu ya maji, kama sili jike anayeita. Sili akashtuka, akasikiliza, akajitupa baharini, pwaa! Akaenda zake kutafuta mchumba.

Melini ukazuka ubishi.

"Ni mimi," akasema Mwalimu. "Nisingemgeuza, angetoka kinyumenyume?"

"Nusu saa nzima unamsomea," akasema Vuai, "hiyo si kelele?"

"Ni mimi," akasema Bi Mwanamvua. "Nani alimnyanyua?"

"Bibi, wewe ulimlisha kwa pua!" akadakia Mwalimu.

"Hata tonge moja halikutoka mkononi mwangu!"

"Basi ni mimi," akasema Vuai. "Aliondoka kwa ajili yangu. Mpaka sasa naona haya."

"Wewe ulilala, mwanangu!"

"Nililala kisheria, Bibi. Tuliambiwa tusubiri."

Nahodha akatandaza ramani, akashika kalamu, akawatazama mmoja mmoja. Bi Mwanamvua aliitazama ile kalamu tu.

Je, nani alistahili kukipa kisiwa jina: aliyesoma, aliyekula, au aliyelala? Jibuni taratibu, hakuna anayewakimbiza. Ila nawaomba mkumbuke kitu kimoja: mama yake Bi Mwanamvua aliitwa Mwanamize.