Milioni Moja, Vikombe Vitatu

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana kisa hiki ukikisikia nusu utahukumu nusu, na nusu hukumu ni dhuluma nzima.

Timu ya Tausi, huko Tanga, ilikuwa na watu watatu. Wengine walikuwepo, lakini wale walikuwa wa kujaza basi. Kapteni Mhina, beki, kipaji chake kilikuwa kunusa hatari: mpira haujafika, yeye kashafika, na goti lake bovu lile alilolifunga bandeji tangu enzi za mke wa kwanza. Hozza, kipa, kipaji chake kilikuwa kusoma mguu wa mpiga penalti kabla mwenyewe hajajua anapiga wapi. Singano, mshambuliaji, aliyekuja wa mwisho, kipaji chake kilikuwa kufunga goli watu wakiwa wameshaanza kutoka uwanjani. Mzuri wa sura huyo, na anajua.

Na katibu wao, Bwana Shekalaghe, kipaji chake kilikuwa kuahidi. Hakuna aliyetoka ofisini kwake na uso uliokunjamana.

Sasa shikeni sheria, si ngumu. Ligi yao iliweka kikomo: mishahara ya wachezaji wote, ukiijumlisha, isizidi milioni thelathini kwa mwezi. Timu tajiri, timu maskini, sinia ni moja. Ukimwongezea huyu mnofu, umemmegea yule. Mfadhili wa Tausi, mwenye kinu cha mpunga, fedha anazo mpaka zinamkera. Fedha zipo, ruhusa ndiyo haipo. Na usiseme wangempa mtu kwa mlango wa nyuma. Kuna timu ilimzawadia winga wake pikipiki kwa siri. Winga akaipanda mpaka mazoezini, akapigwa picha, timu ikakatwa pointi sita.

Basi msimu mmoja Tausi hawana mfungaji. Wanamtaka Singano, na sinia limejaa. Katibu akaenda kwenye benchi la Babu Mgaza, muuza kahawa, nje ya ofisi. Pale Tausi mkataba huandikwa ndani, lakini neno hufungwa nje: mnakunywa kikombe kimoja kwa zamu, na neno lililonywewa halitapikwi.

Akamwita Kapteni Mhina. "Kaka, mshahara wako milioni mbili. Punguza moja tumpate mfungaji. Sinia likipanuka, milioni yako ya kwanza kurudi." Mhina akalitazama goti lake, akanywa.

Akamwita Hozza. "Mdogo wangu, mkataba unasema mwezi ujao unaongezwa milioni, na imeshahesabiwa kwenye sinia. Ngoja kidogo. Sinia likipanuka, wewe wa kwanza." Hozza akamsoma katibu miguu, asione kitu, akanywa.

Zimepatikana mbili. Akamwita Singano, ambaye timu nyingine ilishamwekea tatu mezani. "Njoo kwa mbili, mwanangu. Sinia likipanuka, ya tatu nakupa wewe kwanza." Singano akasema, "Mama yangu anaumwa hapa hapa mjini, nitakaa," akanywa.

Vikombe vitatu, katibu mmoja. Babu Mgaza alimimina vyote, na muuza kahawa, jamani, hana siri. Ndiyo maana leo tunavijua.

Mechi ya mwisho, Tausi wasiposhinda wanashuka daraja. Bila kwa bila, dakika za nyongeza, penalti dhidi yao. Hozza akausoma mguu, akaupangua mpira. Ukabaki unajiviringisha kuelekea golini. Mhina alikuwa ameshafika. Akaukung'uta kwa goti lile lile bovu, ukaenda mbele. Singano akaukuta, watu wakiwa wamegeuza migongo kutafuta viatu vyao, akafunga. Mtoe mmoja kati yao hapo, Tausi wameshuka.

Msimu ukaisha, ligi ikatoa tangazo: kikomo kimepanda. Thelathini na moja.

Moja, wenzangu. Si tatu.

Orodha ya mishahara ilitakiwa iende ligi saa kumi jioni, na ikishaenda haibadilishwi msimu mzima. Na mshahara wa anayeondoka ni wa atakayeziba pengo lake, haugawiwi waliobaki. Tangu asubuhi katibu haketi. Anavaa kofia, anavua kofia. Anafungua dirisha, anasema upepo mwingi. Anafunga, anasema joto. Kwenye korido watatu wale wanapishana kama kuku waliosikia kisu, kila mmoja na barua ya timu nyingine mfukoni, inayomtaka kwa ile milioni ya nyongeza.

Saa tisa wakaingia pamoja.

"Shikamoo, Katibu," akasema Hozza. "Nimekuja na mkataba wangu. Mimi sikuombi, nimeandikiwa."

"Wewe uliahirisha karatasi," Mhina akamwambia. "Mimi nilitoa mkononi. Mke wangu alikuwa ameshaihesabu ile hela, mwaka mzima nimekula maneno. Na msimu huu unaokuja ni wangu wa mwisho, goti linajua."

"Mke yupi?" akauliza Singano.

"Nyamaza, mzuri."

"Nanyamaza. Lakini nyie mlitoa kwa timu mliyokuwa nayo. Mimi niliacha tatu za watu na kuja kuwaokoa. Nikiondoka leo, nani atafunga? Goti?"

Katibu akajaribu kucheka. "Wanangu, tugawane. Kila mtu theluthi."

Wote watatu wakaweka barua zao mezani kwa wakati mmoja. Theluthi haikufikia barua hata moja.

"Basi nisiandike mtu."

"Usipoandika," Mhina akasema, "nafasi inapotea na sote tunaondoka. Andika, tujue aliyebaki."

Babu Mgaza alikuwa mlangoni na birika lake. Sijui nani alimwita, pengine hakuna. "Katibu, nikumiminie?"

Shekalaghe akakitazama kile kikombe kama mtu anayetazama nyoka. "Leo sinywi, Babu."

"Vile vitatu ulivinywa, leo ndiyo hunywi," akasema Babu Mgaza.

Saa kumi kasoro dakika tano. Katibu ameshika kalamu. Mmoja alitoa alichokuwa nacho. Mmoja aliahirisha alichoandikiwa. Mmoja aliacha alichokuwa akingojewa nacho. Wote milioni ile ile, wote kikombe kile kile, na atakayeandikwa atabaki wakati wenzake wanafunga mabegi.

Wewe uliyekaa hapo mbele, usinitazame mimi, mimi nilitumwa maneno tu. Nafasi ni ya jina moja, saa inakwenda. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwandika nani? Na wale wawili ungewatazamaje machoni wakipita mlangoni?